Ini la Baba Mkwe

Tangu nilipoolewa Majengo sikuwahi kumwona baba mkwe wangu bila kanzu, au bila shati lililofungwa vifungo vyote. Hata mwezi wa Novemba, joto linapoukaba mji wa Dodoma na mvua bado inasitasita, yeye alikaa kwenye baraza ya duka lake la nafaka na kifungo cha juu kimefika kooni.

Kwetu Kondoa nilifundwa kwamba mkwe ni wa kuonewa haya. Humtazami usoni, huli mbele yake, hukalii kiti alichoinuka, na akiingia ukumbini wewe unatafuta kazi jikoni. Kwake mambo yalikuwa yale yale. Wazee wake walifika hapa na misafara ya biashara kutoka Unyamwezi, wakaoa, wakajenga, wakawa wenye mji, na heshima zao hawakuziacha njiani. Akitaka kuniambia neno alilipitisha kwa mtu. Kama chai imepungua sukari alimwambia mjukuu wake, "Mwambie mama yako chai hii ni ya wagonjwa." Mimi nipo hapo mlangoni nasikia kila kitu, lakini nilisubiri mtoto aje aniambie ndipo nikachukua kopo la sukari. Alinipenda sana, hilo nalijua. Namna yake ya kunipenda ilikuwa kutonitazama.

Kazi yangu ilikuwa picha. Nilisomea eksirei, na hospitali binafsi zilipoanza kuchipua mjini, moja ikaniajiri. Walikuwa wamenunua mashine ya altrasaundi iliyokwisha kutumika Ulaya, maandishi ya vitufe vyake yamefutika kwa vidole vya watu tusiowajua. Aliyenifundisha kuitumia alikuwa mwenzangu, mwanamume mtu mzima, mkuu wa chumba chetu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Wengi waliokuja walikuwa wajawazito, na mimi nilipenda kazi ile kwa sababu niliifanya kwa sauti isiyokuwa yangu. Nyumbani nilikuwa mkamwana wa watu, nasema kwa kunong'ona. Pale kazini nilikuwa namwambia mtu lala, geuka, inua mkono, zuia pumzi, naye anafanya.

Mambo yalianza na damu. Mpwa wa baba mkwe alijifungua kwa upasuaji, akahitaji kuongezewa damu, na wanaume wa ukoo wakaenda kujitolea. Walipimwa mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya baba mkwe, mtu wa maabara alimwambia kwa adabu kwamba yeye apumzike, damu yake haitatumika. Hakusema sababu mbele ya watu, na hilo ndilo lililoharibu. Miaka ile damu ikikataliwa watu walikuwa na jibu moja tu, na wala halikuhitaji kutajwa. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imezunguka soko lote. Wateja waliendelea kuja dukani kununua mtama na karanga, ila wengine waliaga kwa kuinua kichwa, mikono wakaiacha mifukoni.

Daktari alimwita baadaye, akamweleza kwamba siyo ule ugonjwa watu wanaoudhani. Ni virusi vya homa ya ini, vile vinavyoweza kukaa mwilini miaka mingi mtu asijue. Huenda alizaliwa navyo, huenda alivipata utotoni, kwa kisu kimoja cha jandoni au wembe mmoja wa chale. Mama mkwe aliposikia hivyo alimshukuru Mungu, akavaa baibui lake, akapita nyumba za jirani kusafisha jina la mumewe. Akarudi amenyong'onyea. Kila alikosema ini, watu waliitikia kwa kuvuta midomo. Mji wetu ni mji wa zabibu, una mvinyo wake na vilabu vya pombe ya mtama, na kila mtaa unamjua mlevi wake aliyekufa tumbo limefura. Ini lilikuwa ugonjwa wa walevi, basi. Na huyu alikuwa mtu ambaye muadhini akisafiri yeye ndiye aliyeadhini. Jirani mmoja alimwuliza mume wangu, kwa utani, mzee alianza lini. Mume wangu hakucheka, na tangu siku hiyo baba yake akawa anaswali nyumbani.

Daktari alitaka kujua ini limeharibika kiasi gani. Alieleza kwamba virusi vile hulichubua ini kidogo kidogo, nalo hujiponya kwa kovu, kovu juu ya kovu, mpaka linakuwa gumu na damu inashindwa kupita. Njia ya uhakika wakati ule ilikuwa kwenda Dar es Salaam kuchomwa sindano ubavuni, kinatolewa kipande kidogo cha ini, kinatazamwa. Baba mkwe alikataa. Alikuwa amesikia habari za mtu wa Bahi aliyechomwa akavuja damu ndani kwa ndani. Daktari hakumlazimisha. Alisema zipo njia za kulitazama ini bila kumtoboa mtu, hazina uhakika kama sindano, lakini zikiwekwa pamoja zinasema jambo. Ya kwanza ni mkono wake mwenyewe, na alipombonyeza chini ya mbavu aliupata ukingo mgumu. Ya pili ni damu. Alipima vitu ambavyo ini lililoumia huvimwaga kwenye damu, akahesabu na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa sababu kovu likizidi chembe hizo hupungua. Vile vya kwanza vilikuwa vimepanda, chembe sahani zimeshuka. Ya tatu ni picha.

Mashine nyingine ya mjini ilikuwa imelala inasubiri kipuri. Yetu ilikuwa nzima, ila mwenzangu alikuwa amekwenda masomoni kwa miezi kadhaa. Aliyebaki chumbani ni mimi.

Mama mkwe alikuja kwangu asubuhi, akakaa kwenye kibao cha mbuzi jikoni kana kwamba amekuja kukuna nazi. Alizungumza kwanza habari za mvua. Kisha akasema, "Mwanangu, baba yako anaumwa, na wa kumtazama ni wewe."

Nilimwambia kwamba mwenzangu atarudi, wasubiri. Alisema daktari hataki kusubiri. Nikataja Morogoro. Akasema mzee amekwisha kuchoka, safari ya basi itammaliza. Nilibaki nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Mume wangu aliporudi kutoka Kibaigwa, alikokwenda kununua mahindi, tulimweleza. Alisema tutafute mtu mwingine, kisha akaondoka kwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Baba mkwe mwenyewe alikwenda kwa mwalimu wake wa dini kuuliza. Mwalimu alimwambia hakuna ubaya, mke wa mwanawe ni kama binti yake kisheria, na tena ni tiba. Hayo nilihadithiwa na mama mkwe. Alisema mzee alisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Dhambi sikuuliza. Nimeuliza haya."

Walikuja siku ya Jumatano, kabla wajawazito hawajajaa. Baba mkwe alikuwa hajala tangu usiku, kama inavyotakiwa, ili utumbo usijae hewa. Mama mkwe alikuja na kanga mbili. Moja aliitandaza kwenye kifua cha mumewe, nyingine akaishika kwa mikono miwili kati ya uso wa mzee na mimi, kama watu wanavyomkinga mwari. Baba mkwe alilala na kofia yake kichwani na soksi miguuni. Mimi nilitazama ukuta mpaka mama mkwe aliposema tayari.

Nilipogeuka niliona tumbo la mzee, lenye mvi chache, na pembeni ya mbavu mistari midogo ya chale, ya zamani sana. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Nimewaona watu wengi uchi katika kazi ile, wengine wakiwa wamekufa, na sijawahi kuona haya kama yale. Nilipopaka jeli alishtuka kwa ubaridi wake. Kwa mgonjwa mwingine ningesema pole. Kwake sikuweza, maana pole nayo ni kuzungumza naye.

Tulifanya kama tulivyozoea nyumbani. Nilimwambia mama mkwe, "Mwombe baba avute pumzi, azuie." Mama mkwe akainama nyuma ya kanga yake, akasema, "Mzee, vuta pumzi, uzuie." Tatizo ni kwamba ini linakwenda na pumzi. Mtu akivuta linashuka chini ya mbavu, unaliona. Akiachia linapanda, unabaki unatazama mfupa. Mpaka maneno yangu yapite kwa mama mkwe na kufika, na mimi nisogeze mkono, mzee alikuwa amekwisha kuachia. Tukarudia. Mama mkwe akaanza kuongeza yake, anasema vuta, hapana ngoja, anasema usiachie, na mzee masikini akawa anavuta na kuachia ovyo, tumbo linapanda na kushuka, jasho linamtoka. Kwenye kioo hakukuwa na kitu cha kumwonyesha daktari. Nikajua kwamba nikiendelea hivi nitakuwa nimemvua mzee huyu nguo bure.

Nikasema kwa ile sauti ya kazini, "Vuta pumzi. Zuia hapo hapo. Usiachie."

Kanga ilishuka kidogo. Mama mkwe alikuwa ananitazama. Baba mkwe alizuia pumzi.

Na ini likaja. Nililiona vizuri kuliko nilivyotaka. Ini zima kwenye kioo huonekana laini, kama unga uliochekechwa. Lake lilikuwa kama mtama uliopondwa kwa haraka, chenga tupu, na ukingo wake, ambao ungekuwa mstari mmoja ulionyooka, ulikuwa na vinundu. Nikamwamuru ageuke. Nikamwamuru ainue mkono. Nikaitafuta bandama upande wa pili, nayo ilikuwa imekua, kama inavyokuwa damu ikishindwa kupita kwenye ini. Nilisema vuta, zuia, achia, vuta tena, na kila nililosema alilifanya papo hapo, kama mtoto anayeogopa kukosea. Nilipozima nikatambua kwamba muda wote ule sikumwita baba hata mara moja.

Siku hizi ipo mashine nyingine. Niliiona Dar es Salaam miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo. Mgonjwa analala na shati lake, anafunua mahali padogo tu ubavuni, kifaa kinagonga kati ya mbavu kama mtu anayebisha hodi, na kinapima mtikisiko huo unasafiri ndani ya ini kwa kasi gani. Ini gumu linausafirisha upesi, ini laini polepole. Inatoka namba, na hata kovu changa, ambalo mashine yetu ilikuwa haiwezi kulitambua, linajulikana. Wenzangu waliuliza maswali mengi. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye korido mpaka macho yalipokauka.

Baba mkwe alivaa shati lake nyuma ya pazia, nikasikia anavyohangaika na vifungo. Alipotoka alisimama karibu na mlango. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, najifanya nafuta jeli kwenye kifaa.

"Mwanangu," alisema. Mama mkwe alifungua mdomo ili anipitishie yanayofuata, lakini mzee alimwashiria anyamaze. "Hapo inaonekana kama mtu anakunywa pombe?"

Nilitamani kumwambia inaonekana kwamba hanywi. Nilitamani mashine ile iwe na uwezo huo. "Haionekani, baba," nilisema. "Inaona kovu tu. Haijui limetokana na nini."

Alifikiri. "Basi haikunisaidia," akasema, wakaondoka.

Daktari alisoma majibu yangu pamoja na ya damu, akawaambia kwamba kovu limefika mbali, kwamba virusi peke yake vinatosha kufanya hivyo, na kwamba kinachowezekana ni kulinda kilichobaki: asitumie dawa za kienyeji, apunguze chumvi, arudi kila baada ya miezi kadhaa kutazamwa. Akasema pia kwamba watu wa nyumba nzima wapimwe.

Nyumbani hatukujua tukae vipi. Ijumaa ile, siku aliyozoea kuja kula kwetu, nilipika pilau kama kawaida, na nilipofika mlango wa ukumbi na sinia nikashindwa kuingia. Nilihisi kwamba ananiona nami namwona, na nikimtazama kanzu yake naziona zile chale. Nilimpa mume wangu sinia. Baba mkwe alikula kidogo akasema ameshiba. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Alituma salamu kwamba ana wageni. Mama mkwe hakunilaumu kwa neno, ila siku moja, tukiwa tunaanua nguo, alisema kwamba katika ndoa yake yote hajawahi kumsikia mtu akimwamuru mzee vile, hata mama yake mzazi. Hakusema kwa hasira. Nilitamani ingekuwa hasira.

Nikafikiria kuacha kazi. Nilimwambia mume wangu, naye akasema nisiwe mjinga, lakini alisema bila kunitazama. Kwake pia kulikuwa na jambo. Alikuwa hataki kupimwa. Alisema ana safari, alisema hana homa, alisema mbu ndio watakaomwua. Mwishoni alisema ukweli: kwamba akionekana akiingia maabara watu watasema ameurithi ulevi. Nilimweleza kuhusu watoto. Akaniambia nisimfanye mgonjwa wangu. Neno hilo lilinikata, kwa sababu nilijua limetoka kwenye chumba kile nilikomwamuru baba yake.

Sijui nani alimwambia baba mkwe. Alikuja nyumbani kwetu asubuhi moja, bila kutuma mtu, akabisha hodi. Nilipofungua nikapiga magoti nusu, nikasema shikamoo, nikageuka nikamwite mume wangu. Akasema nisiende.

"Marahaba. Nimekuja kwako," alisema. Alikuwa ameshika fimbo ambayo zamani hakuwa nayo. "Waangalie wote. Na huyu mume wako mwangalie. Akikataa mwambie mimi baba yake nimelala pale, nimefunuliwa, na nimezuia pumzi nilipoambiwa."

Mume wangu alikuwa nyuma ya pazia la ukumbi na alisikia. Siku ya pili yake alikwenda.

Mama mkwe alikutwa hana. Watoto hawakuwa na virusi, wakachanjwa. Mimi nilikwisha kuchanjwa kazini. Mume wangu alikutwa navyo, na daktari akasema katika nyumba nyingi watoto huambukizana au huambukizwa wakiwa wadogo, kwa kidonda, kwa wembe, hakuna wa kulaumiwa. Nilimpiga picha mimi. Ini lake lilikuwa laini. Nilimwambia, "Bado zima," naye akafunika uso kwa mkono na kukaa hivyo muda mrefu juu ya kile kitanda, wakati mwanamke mjamzito anakohoa nje kutukumbusha.

Baba mkwe aliishi miaka michache tena. Mwenzangu alirudi kutoka masomoni na nilidhani mzee atamtaka yeye. Alikuja kwangu. Mama mkwe aliacha kuleta kanga, kisha akaacha na kuja. Nilijifunza kusema, "Baba, naomba uvute pumzi," naye alivuta. Tulizoea. Na siku moja nikiwa katikati ya kazi, nimemwekea kifaa ubavuni na huku nazungumza na nesi kuhusu zamu za Idi, nilimwangalia nikakuta amefumba macho kwa nguvu, kama siku ya kwanza. Yeye hakuwa amezoea. Alikuwa anavumilia tu, na aliyezoea nilikuwa mimi. Sikuweza kuendelea na mazungumzo yale. Nilimaliza haraka, nikatazama ukuta wakati anavaa, jambo ambalo nilikuwa nimeacha kulifanya bila kujua nimeacha lini.

Alitapika damu wakati wa mavuno ya uwele, na hospitali haikuweza kuizuia. Tulimzika kesho yake adhuhuri. Kwenye upande wa wanawake tulikaa mkekani tukichagua mchele wa chakula cha wageni, na nikamsikia mgeni mmoja, aliyekuja kutoka Mpwapwa, anamnong'oneza jirani yake kwamba maskini mzee, kumbe maji ya zabibu yalimmaliza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kona yake, amefunikwa shuka. Nilidhani hakusikia.

Akasema taratibu, "Huyo hapo mkamwana wake ndiye aliyemtazama. Mwulizeni."

Wanawake wote wakanigeukia. Siri za wagonjwa hazisemwi, nilifundishwa hivyo na niliapa. Na huyu hakuwa mgonjwa tu, alikuwa mkwe wangu, na kusema nalijua ini lake lilivyo ni kusimama mbele ya umati na kusema nimemwona tumbo. Lakini mjane wake alikuwa amenipa neno, naye hakuwa mtu wa kuomba.

Nilisema hakunywa pombe maisha yake. Nikasema ni virusi, alivipata utotoni, na vinaweza kumpata yeyote kati yetu. Sauti yangu haikuwa ile ya kazini wala ile ya nyumbani. Yule mgeni aliinamia ungo wake. Nami nikavuta kanga mbele ya uso, nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele, naona aibu kwa ajili ya baba mkwe na kwa ajili yangu, na sikujua ipi ni ipi.